DARSA LA RAMADHANI, SIKU YA 12: Ndege Imechelewa, Saumu Yako Iko Wapi?



Ndugu zangu wafungaji, natumai mmeamka salama na daku imepita vizuri. Allah azikubali saumu zetu.

Siku hizi ndugu zetu wengi wako njiani kwenda Umra. Wanatoka Dar, Zanzibar, Mombasa, Nairobi, wanapitia Dubai, Doha, Muscat au Addis Ababa, ndipo wafike Jeddah. Wengine hawaendi Umra, wanarudi kwa wazazi wafuturu nao siku chache. Na maswali yanayoingia kwenye simu yangu wakati huu ni yale yale: "Shekhe, ndege imeahirishwa, wanasema hali ya hewa mbaya. Nifungue? Nipunguze sala?" Nitayajibu hapo chini, inshaAllah. Lakini kabla ya hukumu tuanze na moyo, kwa sababu moyo ndio unaoharibika kwanza pale uwanjani.

*Wingu liko wapi?*

Tazama hali yenyewe. Umefika uwanja wa ndege mapema. Umefunga. Nje jua linawaka, mbingu safi kabisa, hata tone hakuna. Kwenye ubao inaandikwa: imechelewa, saa mbili. Baadaye saa nne. Baadaye hawasemi tena ni saa ngapi. Unamfuata binti wa kaunta, anakwambia, "Samahani, ni hali ya hewa." Unatazama dirishani, unaona jua. Moyo unakwambia: huyu ananidanganya.

Basi hapo ndipo pa kutulia kidogo. Wingu lililokuchelewesha si lazima liwe juu ya kichwa chako.

Ndege moja haikai kukusubiri wewe peke yako. Kwa siku inapiga safari mbili, tatu, nne. Ile utakayopanda wewe saa nane mchana, asubuhi ilikuwa mji mwingine. Kama kule alfajiri palikuwa na ukungu, rubani hawezi kuiona njia ya kutua, ndege zinaachiwa nafasi kubwa zaidi kati ya moja na nyingine, na kwa saa moja zinatua chache kuliko kawaida. Zingine zinazungushwa hewani, zingine zinapelekwa uwanja mwingine kabisa. Ukungu ukiondoka saa tatu, foleni haiondoki nao. Ndege yako inaanza siku ikiwa nyuma, na kila safari inayofuata inarithi deni la ile ya kwanza.

Au wingu liko kule unakokwenda. Hapa shwari, kule radi. Watu wa mnara wanaona afadhali ndege isubiri chini kuliko ipae, ifike, halafu izunguke juu ya dhoruba huku inakula mafuta. Na mafuta yana hesabu yake. Ndege ya injini za jeti hubeba ya kufikia inakokwenda, na ya kwenda uwanja wa akiba kama kule hakutuliki, na juu ya hayo akiba ya mwisho ya dakika 30 ambayo hupangi kuigusa. Hiyo ndiyo hesabu ya watu wanaoheshimu roho za wenzao.

Au radi iko karibu na uwanja wenyewe. Ndege imekuja, umeiona kwa macho yako, lakini hakuna anayejaza mafuta wala kupakia mabegi. Kwa nini? Kwa sababu vijana wanaofanya kazi hiyo wamesimama kwenye uwanda mtupu, na radi ikipiga inawapiga wao. Wameambiwa waingie ndani. Nao wana mama zao.

Na jambo la mwisho ambalo abiria wengi hatulijui: marubani na wahudumu wana saa zao za kazi, zina kikomo kisheria. Wakisubiri mvua mpaka saa zao zikaisha, hawaruhusiwi kurusha ndege hata kama mbingu imefunguka. Lazima waletwe wengine. Ndiyo maana mvua inaweza kukatika na wewe bado umekaa.

*Siku Dubai ilipojaa maji*

Mfano mnaukumbuka. Tarehe 16 Aprili 2024, siku chache tu baada ya Idd el-Fitr, Falme za Kiarabu zilipata mvua ambayo haikuwahi kuonekana tangu walipoanza kuweka kumbukumbu mwaka 1949. Sehemu moja karibu na Al Ain ilipimwa milimita 254 ndani ya muda usiofika siku nzima. Hiyo ni nchi ya jangwa, ndugu zangu. Dubai ilipokea kwa siku moja mvua ya mwaka na zaidi. Maji yakafunika njia za ndege, barabara za kufika uwanjani zikageuka mito. Kwa siku mbili za mwanzo safari zaidi ya 1,200 zilifutwa. Mabegi yaliyobaki bila wenyewe yalihesabiwa kwa maelfu. Watu wakalala sakafuni.

Sasa fikiri. Mtu yuko Dar es Salaam, anasubiri ndege ya Dubai. Jua la Dar halina habari na mvua ya Dubai. Mwingine yuko ulaya, anataka kurudi Mombasa kupitia hapo hapo. Wote wamekwama kwa wingu ambalo hawajaliona. Na wakati wengine wakigombea blanketi uwanjani, kwa jirani zao Oman, ambako wengi wetu tuna ndugu wa damu, mafuriko ya siku zile zile yalikuwa yamechukua roho za watu, wakiwemo watoto wa shule. Aliyepoteza begi na aliyepoteza mtoto wamepigwa na mvua ya wiki moja. Ukijua hilo, ulimi wako unashuka wenyewe.

*Jahazi lililotobolewa*

Mnaisoma Suratul Kahf kila Ijumaa. Mnakijua kisa cha Nabii Musa alayhis salaam na yule mja mwema. Walipanda jahazi la maskini wanaofanya kazi baharini, na yule mja akalitoboa. Musa akashituka: jamani, unatoboa chombo cha watu? Mwisho wa kisa akaelezwa: mbele yao kulikuwa na mfalme anayepora kila jahazi zima. Lile tobo ndilo lililowabakishia mali yao.

Lakini kuna kitu nataka ukitazame leo. Aliyeelezwa ni Musa. Wale maskini wenye jahazi, Qur'ani haitutajii kwamba kuna mtu aliyewaendea kuwaeleza. Inawezekana waliliziba tobo lao huku wakinung'unika, siku imeharibika, wateja wamekwenda, na hawakujua mpaka wanakufa kwamba siku ile Allah aliwahurumia.

Sisemi kila ndege iliyochelewa ingeanguka. Hapana, huo utakuwa ni uganga, na sisi hatuijui ghaibu. Ninachosema ni kwamba sababu ya jambo haina wajibu wa kuonekana pale uliposimama wewe. Ikiwa wingu la Dubai tu, kitu cha dunia, kinachopimwa kwa vyombo, hukuliona ukiwa Dar, vipi utadai uione hekima ya Mola katika kila saa uliyocheleweshwa?

*Rubani aliyekataa si mchache wa imani*

Wapo wanaosema, "Tumtegemee Allah, turuke tu, ajali ni kadari." Ndugu yangu, hiyo si tawakkul. Bedui alimuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu ngamia wake, amfunge au amwache na kumtegemea Allah. Akafundishwa afunge kwanza, ndipo ategemee. Rubani anayetazama rada na kusema "hapana, tusubiri" anamfunga ngamia.

Na Mtume mwenyewe hakulichukulia wingu kwa wepesi. Mama yetu Aisha (r.a.) amesimulia kwamba upepo ukivuma na mbingu ikibadilika, uso wake ulibadilika, akawa anaingia na kutoka, mpaka mvua inyeshe ndipo anatulia. Alikuwa anawakumbuka kina Adi, walioliona wingu wakafurahi wakidhani ni mvua ya neema. Hakuna kiumbe aliyemtegemea Allah kuliko yeye, na bado alilitazama wingu kwa hofu na adabu.

Hata ibada yetu inaipisha mvua. Siku moja ya mvua kubwa, Ibn Abbas (r.a.) alimwamrisha mwadhini, badala ya kuwaita watu msikitini, awatangazie wasali majumbani. Watu wakaona ajabu. Akawaambia amelifanya aliye bora kuliko yeye, yaani Mtume (s.a.w.). Sasa jiulize: ikiwa adhana, wito wa Mola, inabadilika kwa sababu ya tope na mvua, tiketi yako ina cheo gani mpaka isibadilike?

Wazee wetu wa pwani walilijua hili kabla ya ndege. Jahazi lililokwenda Uarabuni halikuondoka kwa kuwa nahodha ana haraka, lilisubiri kusi. Lililotoka Arabuni kuja kwetu lilisubiri kaskazi. Watu walikaa bandarini miezi, wakafanya biashara, wakasoma, wakaoa. Hawakusema safari imechelewa, walisema msimu haujafika. Sisi tumepewa chombo kinachotufikisha Jeddah siku hiyo hiyo, tukadhani upepo sasa uko chini ya amri yetu.

Na Watanzania tuna jeraha letu. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege iliyotoka Dar es Salaam kwenda Bukoba iliingia Ziwa Victoria ikiwa karibu kutua, hali ya hewa ikiwa mbaya. Walikuwemo watu 43, wakafariki 19. Allah awarehemu waja wake na awape subira waliobaki. Simhukumu yeyote, hiyo si kazi yangu. Nauliza swali moja tu: familia zile 19, ukiwaambia leo wangechagua jamaa yao acheleweshwe saa kumi, alale sakafuni, akose kikao, akose harusi, unadhani wangesema nini? Saa zile unazozitukana, kuna mtu angezinunua kwa kila alichonacho.

*Dua tatu uwanjani*

Sasa tuje kwako wewe uliyefunga. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba dua ya msafiri hairudishwi. Ametufundisha kwamba dua ya mfungaji hairudishwi mpaka afuturu. Maana yake wewe uliyekwama uwanjani na saumu yako umeshika funguo mbili mkononi. Wangapi wako majumbani wanatamani nafasi hiyo? Na saa zote hizo umepewa bure, hakuna kazi, hakuna wateja, hakuna foleni ya daladala.

Lakini kuna dua ya tatu isiyorudishwa: dua ya aliyedhulumiwa. Na huenda hiyo anayo yule binti wa kaunta. Yeye hakuileta mvua. Hana uwezo wa kuufuta ukungu. Mshahara wake ni mdogo, amesimama tangu usiku, pengine na yeye amefunga na futari yake ni maji ya chupa nyuma ya kaunta. Ukamwita mjinga mbele ya watu. Ukampiga picha umrushe mitandaoni. Basi fahamu kwamba wewe una dua mbili na yeye anayo moja, na hiyo moja inakuelekea wewe.

Mfungaji akitukanwa amefundishwa aseme: nimefunga. Hayo ni maneno ya kujibu tusi. Vipi basi wewe ndiye uwe mwanzishaji wa tusi, huku umefunga? Allah hana haja na mtu kuacha chakula na kinywaji ikiwa hakuacha maneno maovu. Hayo ni mafundisho ya Mtume wetu. Unaweza kufika Makka ukiwa umeiacha saumu yako kaunta.

*Subira si kunyamazia haki*

Msije mkanielewa vibaya. Sisemi ukae kimya kama gogo. Kuuliza ni haki yako. Uliza kwa sauti ya kawaida: tatizo ni nini, tutaelezwa tena saa ngapi, chakula na mahali pa kulala je? Soma masharti ya tiketi yako. Ulaya, kwa mfano, sheria yao inaweza kuiondolea kampuni fidia ya fedha kwa sababu ya dhoruba, lakini haiiondolei wajibu wa kumhudumia abiria kwa chakula na malazi. Na mkiwa mmefunga, waambieni mapema kwamba mtahitaji chakula magharibi na daku usiku, wasiwape vocha ya mchana isiyowafaa.

Na kampuni inayosingizia mvua wakati tatizo ni jingine, huo ni uongo. Uongo ni dhambi kwa mwenye ndege kama ulivyo dhambi kwa mwenye bodaboda. Aliyepewa amana ya watu aseme kweli, hata kama kweli hiyo itawaudhi. Abiria anayeambiwa ukweli husubiri vizuri zaidi kuliko anayefichwa.

*Majibu ya maswali yenu*

Nayajibu kwa madhehebu ya Imam Shafii, ndiyo wengi wetu tunayofuata. Mwenye hali ya pekee amwone shekhe wake.

1. *Nimekaa uwanjani katika mji wangu, ndege imechelewa. Nifungue?* Bado hujawa msafiri. Mkaazi wa Dar akiwa pale uwanja wa Julius Nyerere bado yuko ndani ya mji wake. Hafungui kwa sababu ya safari na hapunguzi sala. Na aliyepambazukiwa akiwa mkaazi, kisha akasafiri mchana, anaimalizia saumu ya siku hiyo. Ruhusa ni ya aliyetoka nje ya mji kabla ya alfajiri. Mgonjwa au aliyezidiwa mpaka akahofia madhara, huyo ana ruhusa yake nyingine.

2. *Nimekwama mji wa katikati, sijui tutaondoka lini.* Wewe ni msafiri. Unaweza kupunguza na kukusanya sala, na ukifungua utalipa siku nyingine. Anayesubiri haja ambayo kila saa anategemea itatimia, hana tarehe maalumu, wanazuoni wetu wamempa kupunguza mpaka siku 18. Tazama namna fiqhi ilivyomhesabu mtu aliyekwama, karne nyingi kabla hakujawa na ndege.

3. *Nimefuturu chini, jua limezama, ndege ikapaa nikaliona jua tena.* Saumu yako imetimia, usiwe na wasiwasi. Lakini ukiwa hewani na hujafuturu, fuata jua unaloliona wewe kutoka ulipo, si saa ya mji ulio chini yako.

*Zoezi la leo*

Mimi ni mwalimu, sikuachi bila zoezi. Mambo matatu:

Kwanza, mfunge ngamia wako. Anayekwenda Umra asipange kufika saa ya mwisho, aache japo siku moja ya akiba. Ukiunganisha ndege, usiache dakika chache kati ya hii na ile. Dawa, tende, maji na msala viwe kwenye begi la mkononi, si lile linaloingia chini.

Pili, ukicheleweshwa leo, si lazima iwe ndege. Inaweza kuwa boti ya Unguja imezuiwa na bahari chafu, basi limesimama kwa daraja lililojaa maji, au daktari hajafika kwa sababu ya mvua. Dakika kumi za kwanza usiseme lolote na mtu yeyote ila dhikri. Hizo kumi ndizo zinazoamua saa zitakazofuata zitakuwa za thawabu au za hasara.

Tatu, mtafute mtu mmoja aliyekwama pamoja nawe, mzee, mama mwenye mtoto, kijana wa kigeni asiyejua lugha, umpe tende zako magharibi ikiingia. Ujira wa kumfuturisha mfungaji mnaujua. Huenda wingu lile lilitumwa umfikie huyo.

Ya Allah, walinde wasafiri wetu wa angani, baharini na nchi kavu. Wape marubani wetu macho ya kuona na ujasiri wa kusema hapana. Ifanye mvua yetu iwe ya rehema, isiwe ya maangamizi. Warehemu waliofia safarini, na utufikishe sote salama kwenye nyumba Yako na kwenye nyumba zetu. Amin, amin, ya Rabbal aalamin.

Mfikishie darsa hili ndugu aliye safarini, pengine sasa hivi amekaa kwenye kiti cha chuma anatazama ubao. Kesho baada ya Alfajiri tutaendelea na siku ya 13, inshaAllah.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.